Mlinzi wa Maganzo, mkunga wa Shinyanga na somo la kuamua kabla ya hatari

Na Mwandishi Wetu, Maganzo

UKITOKA mjini Shinyanga kwa barabara kuu iendayo Mwanza, haukuchukui muda mrefu kufika Maganzo, mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu ambao maisha yake yamefungamana na almasi. Kuna nyumba za kulala wageni, maduka ya chepe na nondo, vibanda vya mawakala wa fedha kwa simu, na wanunuzi wa mawe ambao macho yao yamezoea kupima kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Jirani yake ni Mwadui, mgodi ulioanzishwa mwaka 1940 na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, juu ya mwamba wenye eneo la hekta 146 ambao ni miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya almasi duniani.

Kati ya mji na mgodi kuna mpaka, na kwenye mpaka huo kuna mlinzi.

Makala haya yanamhusu mlinzi huyo, lakini si yeye peke yake. Yanamhusu pia mkunga wa zamu ya usiku, mtumishi anayekagua kingo za bwawa la tope, na hata kijana anayekaa katika kibanda cha wakala akihesabu fedha za watu. Wote hao wana jambo moja linalowaunganisha: ipo siku watatakiwa kuamua jambo zito katika muda ambao hautoshi hata kufungua kitabu cha kanuni. Swali ni namna gani mwajiri anavyoweza kuwaandaa kwa siku hiyo.

Jibu lililozoeleka nchini ni semina. Watumishi hukusanywa ukumbini, mtaalamu husimama mbele na kusoma maandishi yanayomulikwa ukutani, saa nne huja chai na vitafunwa, alasiri hugawiwa vyeti na posho, na kila mmoja hurejea kwake. Mwandishi wa makala haya amewahi kuhudhuria semina ya namna hiyo kuhusu majanga ya moto katika ofisi moja aliyowahi kufanyia kazi. Wote tulifaulu. Miezi michache baadaye nyaya za umeme zilipoanza kutoa moshi katika chumba cha nyuma, tulitoka mbio kama siafu waliomwagiwa maji, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua swichi kuu ilikuwa wapi. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo ukutani, umefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyekuwa likizo.

Semina ilitufundisha moto ni nini. Haikutufundisha nani akimbilie wapi.

Ipo njia nyingine, na ndiyo mada ya leo. Badala ya kumweleza mfanyakazi kanuni, anapewa kisa kinachofanana na kazi yake halisi, kinachomtaka aamue hapo hapo, kisha anaonyeshwa uamuzi wake umezaa nini, na mwisho anaketi na wenzake kujadili. Wataalamu wengine huliita zoezi la mezani, kwa kuwa mara nyingi hufanyika watu wakiwa wameizunguka meza. Likifanyika kwa vitendo, kwa vifaa na watu wanaoigiza, huitwa zoezi la uigizaji. Majina si muhimu sana. Muhimu ni kwamba kosa linafanyika mahali ambapo haliui mtu.

Tuchukue mfano wa mlinzi wetu. Kisa kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini mtu yeyote aliyeishi Maganzo ataona hakijatungwa mbali na ukweli.

Ni saa nane usiku. Walinzi wawili wapo doria kwenye mpaka wa mgodi, wana tochi, virungu na simu ya upepo. Wanawaona vijana sita wakitoka ndani na viroba vya mchanga mabegani, hao ambao mitaani huitwa wabeshi. Vijana wanapomulikwa wanaanza kurusha mawe. Jiwe moja linampata mlinzi wa pili begani. Kijana mmoja anajikwaa, anaanguka, na haamki.

Hapo mwezeshaji ananyamaza na kuuliza swali moja tu: unafanya nini sasa?

Haulizi sheria inasema nini. Mlinzi anatakiwa aseme tendo, tena kwa maneno yale yale ambayo angeyatamka usiku ule, kwa Kiswahili au Kisukuma. Kama atasema "nitamwamuru ajisalimishe", anaambiwa amwamuru kweli, kwa sauti, mwenzake akiwa ameketi mbele yake akiigiza kijana mwenye hofu. Mara nyingi hapo ndipo mtu anapogundua kwamba maneno yanayomtoka ni matusi, au hayamtoki kabisa.

Akishajibu, anapewa kadi ya pili. Umempigia msimamizi kwa simu ya upepo, hajibu. Vijana watano waliokimbia wamesimama umbali wa mita 50 na wanapiga miluzi kuwaita wengine. Unafanya nini? Kisha kadi ya tatu: umemsogelea aliyeanguka, anavuja damu kichwani, na umemtambua, ni mtoto wa nyumba ya tatu kutoka unapopanga chumba. Unafanya nini?

Kila kadi inabana nafasi ya kuchagua. Kumfuata kijana ni kumwacha mwenzako aliyeumia. Kurudi nyuma ni kuacha mtu anayevuja damu porini. Kumbeba ni kuyapa mgongo mawe. Na katika kila uchaguzi kuna kanuni iliyoandikwa vizuri mahali fulani. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa mwaka 1990 mjini Havana kwa ajili ya askari na watekelezaji wa sheria, zinataka nguvu itumike pale tu njia nyingine zinaposhindikana, ilingane na hatari iliyopo, na majeruhi asaidiwe mapema iwezekanavyo. Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu za mwaka 2000, ambazo kampuni nyingi kubwa za madini duniani zimeahidi kuzifuata, zinapeleka ujumbe huo huo kwa walinzi wa makampuni. Mlinzi anaweza kuzikariri zote akapata alama 100 kwenye mtihani, na bado usiku ule mkono ukatangulia akili.

Kwamba jambo hili si la kufikirika tu, Maganzo na vijiji jirani wanalijua. Mwaka 2020 shirika la RAID la Uingereza lilichapisha madai kwamba kwa miaka kadhaa watu walioingia katika eneo la mgodi wa Williamson walikuwa wakipigwa, kupigwa risasi na kushikiliwa na walinzi, na kwamba baadhi yao walifariki. Kampuni ya Petra Diamonds, ambayo wakati huo ilikuwa na sehemu kubwa ya hisa za mgodi huo, ilifanya uchunguzi wake na Mei 2021 ikatangaza makubaliano na walalamikaji yenye thamani ya jumla ya pauni milioni 4.3 za Uingereza, bila kukiri kuwajibika kisheria. Kampuni ya ulinzi ya awali iliondolewa, nyingine ikachukua nafasi yake, na mafunzo ya haki za binadamu kwa wahusika wa ulinzi yakawa sehemu ya hatua zilizotangazwa.

Neno "mafunzo" katika matangazo ya namna hiyo linastahili kuulizwa maswali. Mafunzo gani? Ya kusikiliza, au ya kutenda?

Tofauti hiyo imefanyiwa utafiti. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, aliwahoji makamanda wa vikosi vya zimamoto ili kujua wanavyochagua hatua jengo likiwa linaungua. Alitarajia kusikia kwamba wanalinganisha njia mbili au tatu na kuchukua iliyo bora. Alichokikuta ni kingine kabisa. Wengi wao walisema hawakuchagua chochote. Waliutazama moto, wakaona unafanana na moto waliowahi kuuona, hatua ya kuchukua ikawajia yenyewe, wakaipitisha haraka kichwani kuona kama itafanya kazi, wakaifuata. Kwa lugha ya mtaani tungesema "macho yameshaona mengi".

Kama ndivyo akili inavyofanya kazi wakati wa hatari, basi mgeni wa kazi ana tatizo kubwa: hana alichokiona. Anaweza kusubiri miaka 15 aone, na katika kusubiri huko watu wakaumia. Au anaweza kuonyeshwa visa 50 vilivyotungwa vizuri, kimoja kila wiki, akajenga akiba ya mambo aliyowahi "kuyaona". Ndiyo maana majeshi yamekuwa yakicheza vita mezani tangu Prussia ilipoanza kuutumia mchezo huo kwa maofisa wake katika miaka ya 1820, na ndiyo maana rubani wa ndege za abiria hufanya mazoezi ya dharura mara kadhaa ndani ya chombo cha kuigizia urubani ambacho hakitoki sakafuni.

Katika urubani lilipatikana pia funzo la pili. Desemba 28, 1978 ndege ya shirika la United ilianguka karibu na mji wa Portland, Marekani, watu 10 wakafa, baada ya kuishiwa mafuta wakati rubani mkuu akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Wenzake ndani ya chumba cha marubani walikuwa wameona mafuta yanapungua, lakini hawakulisema kwa uzito uliotosha kumshtua. Hakuna aliyekosa ujuzi wa kurusha ndege. Walichokosa ni mazoea ya mdogo kumwambia mkubwa wake, waziwazi, kwamba kuna hatari. Tangu hapo mashirika ya ndege yalianza kufanyia mazoezi mazungumzo ya wafanyakazi, si vidole vyao tu. Kwa jamii yetu, ambamo kumkosoa mkubwa mbele za watu huonekana ni utovu wa adabu, funzo hilo lina uzito wa pekee.

Lakini ushahidi mzito kuliko wote hautoki Portland. Unatoka hapa hapa Tanzania, katika vyumba vya kujifungulia.

Mtoto anapozaliwa bila kupumua, mkunga ana takriban dakika moja. Wataalamu huiita dakika ya dhahabu. Ndani yake anapaswa kumkausha, kumchangamsha, kusafisha njia ya hewa ikihitajika, na kama bado hapumui, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Kuanzia mwaka 2009 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kujaribu mpango uitwao Helping Babies Breathe, ambao hutumia mdoli wenye umbo la kichanga kumfundisha mkunga hatua hizo. Taarifa za hospitali nane nchini zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba baada ya mpango kuanza, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47.

Hata hivyo, katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walikumbana na jambo lililowashangaza, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo jambo ambalo kila ofisa utumishi angepaswa kulibandika ukutani. Mwaka 2010 wakunga wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja kwa kutumia mdoli. Miezi saba baadaye walipimwa tena, na mbele ya mdoli walifanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Lakini watafiti walipotazama walichokuwa wakikifanya kwa watoto halisi, hawakuona mabadiliko. Ujuzi ulikuwa umebaki kwa mdoli.

Hapo wangeweza kulaumu wakunga. Badala yake walibadilisha mafunzo. Kuanzia mwaka 2011 mdoli uliwekwa ndani ya wodi yenyewe, na wakunga wakaanza kufanya mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, wakiwa kazini, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Hakukuwa na ukumbi wala posho ya safari. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo hospitalini hapo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai.

Kisha jambo hilo likaletwa Kanda ya Ziwa. Mpango uitwao Safer Births Bundle of Care uliendeshwa kati ya mwaka 2021 na 2023 katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Mwanza, Geita na Shinyanga. Kila kituo kilikuwa na wawezeshaji wake wa ndani, wafanyakazi wa kituo hicho hicho, waliosimamia mazoezi ya mara kwa mara ya kumsaidia kichanga asiyepumua na mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Takwimu za kituo zilirudishwa kwa wakunga wenyewe ili mazoezi ya wiki inayofuata yatokane na matatizo ya wiki iliyopita.

Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, yakihusisha zaidi ya akina mama 280,000. Vifo vya watoto vinavyotokea karibu na wakati wa kuzaliwa, wakiwamo wanaozaliwa wafu, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000, yaani pungufu ya asilimia 18. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka takriban 240 hadi takriban 60 kwa kila 100,000. Ni haki kuongeza kwamba mazoezi hayakuwa peke yake. Vituo vilipewa pia vifaa vipya, kikiwamo cha kusikilizia mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni, na matokeo hayakulingana katika mikoa yote. Lakini moyo wa mpango ulikuwa ule ule wa Haydom: zoezi fupi, mara nyingi, mahali pa kazi, na mazungumzo baada ya zoezi.

Mazungumzo hayo baada ya zoezi ndiyo watu wengi huyaruka. Mwezeshaji hafifu humaliza kisa na kutangaza nani amepata na nani amekosa, kama mwalimu anayerudisha madaftari. Mwezeshaji mzuri huuliza: uliona nini? Ulidhani nini kinatokea? Ni wakati gani ulijua umechelewa? Mlinzi wetu anaweza kujibu kwamba alimkimbilia kijana aliyeanguka kwa sababu alihofia lawama za kupoteza kiroba cha mchanga. Jibu hilo haliko katika kitabu cha kanuni, na mwajiri asingelijua kamwe kwa njia ya semina. Sasa analijua, na analo swali la kujiuliza: je, mlinzi anapimwa kwa viroba anavyookoa au kwa usiku unaopita salama?

Kwa maneno mengine, zoezi linampima mwajiri kama linavyompima mwajiriwa. Hilo linaonekana wazi zaidi katika mabwawa ya tope.

Novemba 7, 2022 ukingo wa bwawa la kuhifadhia mabaki ya uchenjuaji katika mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope likatoka nje ya eneo la mgodi na kufunika mashamba na makazi. Hakuna aliyepoteza maisha, na uzalishaji ulirejea Julai 2023. Brazil haikupata bahati hiyo. Januari 25, 2019 bwawa la namna hiyo lilipasuka huko Brumadinho, watu 270 wakafa, wengi wao wafanyakazi wa mgodi, baadhi wakiwa katika chakula cha mchana. Janga hilo ndilo lililozaa Kiwango cha Kimataifa cha Usimamizi wa Mabwawa ya Tope, kilichozinduliwa Agosti 2020, ambacho kinataka mipango ya dharura ifanyiwe mazoezi, tena kwa kuwashirikisha wananchi wanaoishi chini ya bwawa badala ya kubaki kwenye kabati la meneja.

Hebu fikiria zoezi la mezani kuhusu bwawa. Mkaguzi wa zamu anaona maji yenye rangi ya udongo yakichuruzika chini ya ukingo saa kumi alfajiri. Jana hayakuwepo. Je, apige king'ora, waamke watu wa vijiji viwili na ikibainika si kitu aonekane mzushi, au amsubiri mhandisi saa mbili asubuhi? Watu wakishaanza kujibu, maswali mengine hujitokeza yenyewe. Nani ana mamlaka ya kupiga king'ora? Namba ya simu ya mwenyekiti wa kijiji ipo kwa nani? Mwenyekiti huyo ndiye aliyepo madarakani, au ni yule aliyemaliza muda wake? Wakimbilie upande upi? Mtu mmoja mezani akisema "nadhani", hapo pamepatikana shimo la kuzibwa, na limegharimu karatasi tu.

Siku moja kabla ya tukio la Mwadui, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba, na kati ya watu 43 waliokuwamo 19 walifariki. Taifa zima linakumbuka kwamba waliofika mapema kusaidia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Sheria za kimataifa za usafiri wa anga zinataka kiwanja cha ndege kifanye zoezi kamili la dharura angalau mara moja kila miaka miwili. Katika kiwanja kilicho kando ya ziwa, mtu anayeandaa zoezi hilo bila kumwalika mvuvi anaigiza ajali ya mahali pengine.

Ndiyo kusema, kisa kinachofaa hakinunuliwi kutoka nje kikiwa tayari. Hutungwa na wale wanaoifanya kazi. Njia rahisi ni kuwakalisha wafanyakazi watatu wenye uzoefu na kuwauliza: ni usiku gani ambao hamtausahau? Kila jibu ni kisa. Mwezeshaji anaondoa majina, anakikata katika sehemu tatu au nne pale ambapo uamuzi ulitakiwa, anaandika kila sehemu kwenye kadi, na zoezi limekamilika. Hakihitaji kompyuta. Ramani ya eneo inaweza kuchorwa kwa kijiti mchangani.

Hata waajiri wadogo wa Maganzo wanaweza. Mwenye kibanda cha wakala, kwa mfano, anaweza kumfanyia zoezi kijana wake kabla ya kumkabidhi simu na mtaji. Anakwenda nyuma ya kibanda, anapiga simu kwa namba ngeni, anajifanya ofisa wa kampuni ya simu: "Kuna muamala umekosewa, usikate simu, bonyeza namba ninazokutajia, ukichelewa laini inafungwa." Wakati huo huo anamtuma mteja wa kuigiza asimame dirishani akilalamika kwamba anachelewa basi. Kijana akibonyeza, hakuna fedha iliyopotea; wanaketi na kuongea. Amejifunza kwamba tapeli huja na haraka, na kwamba haraka hiyo huja siku ambayo kuna foleni. Mabango yote ya "usitoe namba yako ya siri" hayajafanikiwa kumfundisha hivyo.

Sheria nayo haiko mbali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelekezo na mafunzo yanayohitajika ili afanye kazi kwa usalama, na vyuo vya VETA kwa miaka mingi vimehubiri elimu inayopima umahiri wa kutenda. Waajiri, kwa upande wao, hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hatua kwa hatua kutoka asilimia 6 ya mishahara hadi 3.5 mwaka 2023. Kwa hiyo si kweli kwamba nchi haitumii fedha katika mafunzo.

Zipo hatari katika njia hii pia. Bosi akikaa mezani, watu hujibu kile wanachodhani anataka kusikia, na zoezi hugeuka kuwa sifa na utukufu. Mwezeshaji asiyejua kazi anaweza kuwazoesha watu kosa, na kosa lililozoelewa ni gumu kulitoa kuliko ujinga. Mazoezi ya kutisha kupita kiasi yanaweza kumuumiza mtu aliyewahi kupitia tukio la kweli. Mlinzi aliyewahi kuona mwenzake akifa hapaswi kulazimishwa kuigiza usiku ule mbele ya watu wanaocheka.

Na kubwa kuliko yote, zoezi haliwezi kuziba pengo lisilo lake. Mkunga mmoja mwenye wajawazito wanne kwa wakati mmoja hatasaidiwa na mdoli peke yake. Mlinzi aliyekesha zamu ndefu bila chakula ataamua vibaya hata kama amefanya visa 100. Na kijana anayeingia mgodini usiku anaingia kwa sababu ambazo hazimo katika kadi yoyote: mvua zilizokosekana, pamba isiyolipa, na habari za aliyeokota jiwe akajenga nyumba ya bati. Mwajiri akitumia mazoezi ili siku ya lawama aseme "tulimfundisha, kosa ni lake", atakuwa amepata cheti cha semina kwa jina jingine.

Tuirejee kadi ya pili ya mlinzi wetu, ile ya msimamizi asiyejibu simu ya upepo. Mezani, kadi hiyo huandikwa kumpima mlinzi. Baada ya zoezi inapaswa kupelekwa ofisini kwa msimamizi, pamoja na swali moja: saa nane usiku, hiyo simu huwa ipo wapi?